Kusiliba ukuta wa udongo usipasuke wala kubanduka: mwongozo kamili kwa wajenzi wa Mtwara na Lindi

Wasomaji wa Tandahimba, Masasi, Nachingwea na Kilwa wameendelea kuuliza jambo lile lile kwa maneno tofauti. Ukuta wa fito na udongo, au wa tofali mbichi, umesilibwa ukapendeza, lakini kabla msimu wa mvua haujaisha lipu imejaa nyufa au imebanduka vipande vipande. Wengi wao wameshauriwa kuongeza saruji, wameongeza, na hali imekuwa mbaya zaidi.

Mwongozo huu unapinga ushauri huo. Lipu ya udongo haiharibiki kwa sababu ni udongo. Huharibika kwa sababu udongo haukupimwa, ukuta haukuandaliwa, au kazi ilifanywa katika mwezi usiofaa. Mambo hayo matatu yakishughulikiwa, mtu yeyote mwenye subira anaweza kusiliba nyumba yake na ikadumu.

Anayetaka ushahidi kuhusu saruji atafute kipande cha lipu ya saruji kinachotoa mlio wa uwazi kinapogongwa kwenye ukuta wa udongo, akibandue na kukigeuza. Mgongoni ataona ngozi nyembamba ya udongo iliyong'ang'ania saruji, na pale kilipotoka ataona ukuta ulio laini, wenye unyevu, na mara nyingi wenye njia za mchwa. Ukuta wa udongo huvimba kidogo unapopata unyevu na kusinyaa unapokauka, ilhali saruji imekakamaa na haifuati mwendo huo. Maji huingia katika ufa mwembamba usioonekana kwa urahisi, kisha hayapati njia ya kutoka, na ukuta huoza nyuma ya lipu inayoonekana nzima.

## Vifaa vya kuandaa

- Udongo wenye mfinyanzi: mwekundu wa kuchimba chini ya tabaka la juu lenye mizizi, au wa kichuguu kilichohamwa.
- Mchanga wa mto wenye chembe kubwa na ndogo. Mchanga wa pwani usitumike kabisa, kwa sababu chumvi yake hutoka ukutani kama unga mweupe na kuimenya lipu.
- Nyasi kavu, mabua ya mpunga au makumbi ya nazi yaliyopondwa yakawa nyuzi.
- Maji yasiyo na chumvi. Kwa walio karibu na bahari, maji ya kisima yaonjwe kwanza.
- Chokaa ya mfuko kwa ajili ya kupaka mwishoni.
- Jembe, beleshi, panga, ndoo za lita 20, karai, mwiko, kibao cha kusawazishia, brashi ngumu, brashi pana ya chokaa, chekeche, kipande cha wavu wa dirisha, turubai, na chupa moja angavu yenye mdomo mpana.
- Glavu za mpira, miwani ya kukinga macho na kitambaa cha kufunika pua na mdomo.

Samadi mbichi ya ng'ombe huifanya lipu kuwa ngumu na kustahimili matone ya mvua, na aliye jirani na wafugaji anaweza kuichanganya kwa kiasi kidogo. Sikuiweka katika orodha kwa sababu vijiji vingi vya Uwanda wa juu wa Makonde havina ng'ombe wa kutosha, na kazi hukamilika vizuri bila samadi.

Kuhusu kiasi, ukuta wa mita 3 kwa mita 2.5 ukisilibwa kwa unene wa milimita 15 unahitaji takribani ndoo 8 hadi 9 za udongo na mchanga vikiwa vikavu, tukihesabu na kile kitakachodondoka chini.

## Hatua ya 1: Chagua mwezi

Mikoa yetu ina msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei. Minada ya korosho nayo hufunguliwa Oktoba, kwa hiyo fedha ya kujengea humfikia mkulima wakati mawingu yameanza kujikusanya. Fundi huitwa haraka, ukuta husilibwa Novemba, tabaka la juu hukauka huku la ndani likiwa bado bichi, na mvua ya kwanza huikuta lipu haijashika. Naamini nyumba nyingi zaidi zimeharibiwa na ratiba hii kuliko udongo mbaya.

Fedha ya msimu itumike kwanza kwa mambo yasiyohitaji kiangazi: mabati au makuti, upenu, mawe ya kukinga chini ya ukuta, na chokaa itakayohifadhiwa mahali pakavu ikiwa imefungwa vizuri. Kusiliba kusubiri Juni hadi Septemba.

Kiangazi nacho kina hatari yake. Upepo wa kusi na jua la mchana huweza kukausha lipu kwa saa chache, na lipu inayokauka haraka hupasuka hata kama mchanganyiko ni sahihi. Fanya kazi upande wenye kivuli, yaani ukuta wa magharibi asubuhi na wa mashariki alasiri, na tundika turubai au magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta unaopigwa na upepo.

## Hatua ya 2: Zuia maji kabla ya kugusa udongo

Simama nje ya nyumba na utazame mvua itapita wapi. Upenu unapaswa kutoka nje ya ukuta angalau sentimita 60, na sehemu ya chini ya ukuta, kiasi cha sentimita 30 au zaidi kutoka ardhini, inapaswa kuwa ya mawe au tofali za kuchoma. Tone linalodondoka kutoka paani hugonga ardhi na kurusha tope ukutani, na hapo ndipo kumomonyoka huanzia.

Chimba mfereji unaopeleka maji mbali na nyumba, au jenga kibaraza chenye mteremko wa kuelekea nje. Kama upenu ni mfupi na hakuna uwezo wa kuurefusha mwaka huu, afadhali kazi ya nje iahirishwe na fedha iwekezwe katika paa.

## Hatua ya 3: Pima udongo wako

Usikubali kuambiwa kwamba udongo wa mahali fulani ni mzuri. Mashimo mawili yaliyo hatua chache moja kutoka jingine huweza kutoa udongo usiofanana, na udongo wa kichuguu pia hutofautiana kutoka kichuguu hadi kichuguu. Udongo mweusi wa mbugani, ule unaofanya mianya mikubwa ardhini wakati wa kiangazi, uachwe kabisa, maana huvimba na kusinyaa kupita kiasi.

Kipimo cha kwanza ni cha chupa. Jaza theluthi moja ya chupa kwa udongo uliochekechwa, ongeza maji hadi karibu na mdomo, tia chumvi kidogo ili mfinyanzi utuame upesi, kisha tikisa kwa nguvu na uiweke mahali pasipo na mtikisiko. Mchanga hutua ndani ya dakika moja, vumbi laini hutua katika saa chache zinazofuata, na mfinyanzi hutua juu yake polepole hadi siku ya pili. Unene wa kila tabaka hukuonyesha kiasi cha mchanga, vumbi na mfinyanzi.

Kipimo cha pili ni cha mkono, na mimi nakiamini zaidi. Lowesha udongo uliochekechwa uwe kama unga wa chapati, ukande vizuri, kisha uusokote uwe kamba yenye unene wa kidole gumba. Isukume polepole nje ya kiganja mpaka ikatike kwa uzito wake. Ikikatika kabla ya sentimita 5, mfinyanzi ni mchache mno. Ikikatika kati ya sentimita 5 na 15, udongo unafaa na utahitaji mchanga wa wastani. Ikizidi 15, una mfinyanzi mwingi na utahitaji mchanga mwingi.

Kuna udongo unaodanganya: ni laini, unaonekana kama mfinyanzi, lakini ni vumbi tupu lisiloshika. Utautambua unaponawa. Mfinyanzi hung'ang'ania vidoleni kwa utelezi na huhitaji kusuguliwa. Vumbi huondoka mara moja kwa maji. Kwa uhakika zaidi, tengeneza donge dogo, likaushe juani, kisha ulibonyeze kwa vidole. Likisagika kuwa unga bila ubishi, tafuta shimo jingine.

## Hatua ya 4: Andaa ukuta

Hatua hii haina mvuto, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Lipu hushikamana na kile ilichokikuta, hivyo ikikuta vumbi hushikamana na vumbi na kuanguka nalo.

Bandua lipu yote ya zamani inayotoa mlio wa uwazi, pamoja na saruji yote iliyopigwa juu ya udongo. Vaa kitambaa puani, na usiingize mkono katika tundu usiloliona ndani, kwani nge na nyoka hupenda kujificha humo.

Kwa ukuta wa fito, shika kila ufito na uutikise. Ufito unaocheza utaipasua lipu yoyote, hata iwe nzuri namna gani. Ufungwe upya au ubadilishwe, na ulioliwa na mchwa uondolewe kabisa. Kisha jaza mashimo yote kwa udongo mzito uliochanganywa na nyasi nyingi, na uyaache yakauke. Kujaza shimo la sentimita 8 kwa lipu ya siku hiyo hiyo ni kuukaribisha ufa, kwa sababu sehemu nene husinyaa zaidi ya sehemu nyembamba iliyo kando yake.

Kwa ukuta wa tofali mbichi, kwangua viungo kati ya tofali viingie ndani kiasi cha sentimita moja ili lipu ipate pa kujishikiza. Kama uso wa tofali ni laini sana, uchore mistari ya mshazari kwa ncha ya panga.

Mwishowe fagia ukuta wote kwa brashi ngumu kuanzia juu kwenda chini. Ukuta uko tayari pale unapoupapasa kwa kiganja kikavu na kiganja kikatoka na vumbi kidogo mno.

## Hatua ya 5: Loweka na kukanyaga

Chekecha udongo, uumwagie maji na uuache ulowe angalau usiku mmoja, na siku tatu zikiwezekana. Donge la mfinyanzi ambalo halikulowa hadi kiini chake litakuja kunywa maji likiwa tayari ukutani na kuacha doa lililopasuka.

Kwa Newala na Tandahimba, ambako maji ni ya kuchotwa mbali au kununuliwa, chimba shimo lenye kina kifupi, tandika turubai, weka udongo na maji humo, kisha funika. Maji hayatapotea ardhini wala kwa jua, na kiasi kilekile kitatosha kazi yote.

Kata nyasi ziwe na urefu wa sentimita 3 hadi 5. Kwa kila ndoo 4 za udongo na mchanga (uwiano wa viwili hivyo utaupata katika hatua ya 6), tia nusu ndoo hadi ndoo moja ya nyasi zilizokatwa. Nyuzi hizo hugawanya nguvu ya kusinyaa ili isijikusanye mahali pamoja na kufanya ufa mkubwa. Kanyaga kwa miguu, ukipindua turubai mara kwa mara ili cha chini kije juu, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna miiba wala vipande vya chupa.

Mchanganyiko uliokamilika hauna mabaka ya rangi mbili. Ukichota konzi moja na kuipiga ukutani, hubaki pale ulipopigwa bila kuteleza, na mkono hutoka ukiwa umechafuka kidogo tu. Ukinata mkononi mzima mzima, mfinyanzi ni mwingi; ukidondoka kwa chenga, mchanga umezidi.

## Hatua ya 6: Majaribio ukutani

Kama msomaji atachukua jambo moja tu katika mwongozo huu, basi nawasihi liwe hili. Hakuna mtu, hata fundi mzoefu, anayeweza kukutajia kwa mbali uwiano sahihi wa udongo wako. Ukuta wenyewe ndio unaojibu, na hujibu kwa siku chache.

Andaa michanganyiko minne: udongo peke yake, udongo ndoo 1 kwa mchanga ndoo 1, 1 kwa 2, na 1 kwa 3. Kila mmoja uwe na nyasi kwa kiwango kilekile. Lowesha sehemu ya ukuta utakaousiliba, kisha piga vipande vinne vya sentimita 40 kwa 40, kila kimoja kikiwa na unene wa milimita 15. Andika uwiano juu ya kila kipande kwa mkaa. Usijaribu juu ya ubao au ardhini, kwa kuwa ubao haunyonyi maji kama ukuta.

Viache vikauke kabisa, mpaka rangi iwe nyepesi na sawasawa hadi kingoni, kisha uvitazame kwa karibu.

Kipande cha udongo peke yake kwa kawaida kitakuwa na nyufa pana zinazokutana na kukigawa katika vigae, na kingo za vigae zikiwa zimejikunja kuja mbele. Kipande kinachofuata kitakuwa na nyufa nyembamba. Kuna kimoja ambacho hakitakuwa na ufa, au kitakuwa na vistari vya unene wa unywele, na ukikisugua kwa kidole kitatoa vumbi kidogo sana. Kile chenye mchanga kupita kiasi hakitakuwa na ufa wowote, lakini kidole kitaondoka na mchanga, na ukucha utakichimba bila taabu.

Gonga kila kipande kwa kifundo cha kidole. Mlio wa uwazi kwenye kipande kisicho na nyufa haumaanishi mchanganyiko mbaya. Unamaanisha ukuta haukufagiwa au haukuloweshwa vya kutosha, hivyo urudie hatua ya 4.

Chagua uwiano wenye mchanga mwingi kadiri inavyowezekana huku ukiwa bado mgumu kwa ukucha. Kama vipande viwili vinakaribiana, chagua chenye mchanga zaidi kwa tabaka la kwanza. Na kama hata cha 1 kwa 3 kimepasuka, endelea hadi 1 kwa 4.

## Hatua ya 7: Tabaka la kwanza

Nyunyizia ukuta maji mpaka rangi yake iive, lakini yasionekane maji yanayong'aa wala kutiririka. Ukuta mkavu hunyonya maji ya lipu kabla haijashika. Ukuta uliolowa chepechepe huifanya lipu iteleze.

Paka uji mwepesi wa udongo kwa brashi, ukiusugua uingie katika vinyweleo vya ukuta. Kabla uji haujakauka, rushia mchanganyiko kwa mkono, konzi kwa konzi, kuanzia chini kwenda juu. Kurusha kwa nguvu hufukuza hewa iliyo kati ya lipu na ukuta, jambo ambalo kubandika taratibu kwa mwiko hakuliwezi. Kisha sawazisha kwa kibao, unene ukibaki kati ya milimita 10 na 20.

Lipu ikianza kukaza, ichore mistari ya mshazari ili tabaka lijalo lipate pa kushika. Maliza ukuta mzima kwa siku moja. Kama haiwezekani, simamia kwenye kona au kando ya dirisha, kamwe usisimame katikati ya ukuta. Mikono ikiwa michache, ni bora kuwaita majirani kwa siku moja kuliko kuunganisha kazi ya siku tatu.

Iache ikauke kabisa. Vistari vyembamba katika tabaka hili vinakubalika na vitazibwa na lijalo. Ufa ambao kingo zake zimejikunja haukubaliki: bandua sehemu hiyo, fagia, lowesha, na urudie.

## Hatua ya 8: Tabaka la kusiliba

Chekecha udongo na mchanga upya kwa wavu wa dirisha. Nyasi zikatwe fupi sana, chini ya sentimita moja, au zisagwe kwa mikono. Unene ni milimita 3 hadi 5 tu, na kadiri tabaka lilivyo jembamba ndivyo linavyosinyaa kidogo.

Lowesha tabaka la kwanza kwa ukungu wa maji, paka kwa mwiko ukikandamiza, kisha ngoja. Ukibonyeza kwa kidole na kikaacha alama hafifu bila kutoka na udongo, ni wakati wa kusugua kwa mwiko ulioloweshwa kwa mizunguko midogo. Kusugua huku huziba vinyweleo na kufuta nyufa changa. Ukisugua mapema mno utauburuta udongo. Ukichelewa, udongo hautausikia mwiko tena.

Kwa vyumba vya ndani kazi inaweza kuishia hapa.

## Hatua ya 9: Chokaa kwa kuta za nje

Chokaa huruhusu ukuta kutoa unyevu, na hilo ndilo linaloitofautisha na saruji pamoja na rangi za mafuta. Kuta za magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyowekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Hata hivyo, asiwepo anayeng'oa matumbawe baharini ili achome chokaa yake. Matumbawe ni mazalia ya samaki tunaowategemea, na sehemu ya pwani ya Mtwara imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Chokaa ya mfuko inatosha.

Mimina chokaa ndani ya maji, si maji juu ya chokaa, koroga iwe kama uji mzito, na uifunike kwa saa 24 au zaidi. Siku ya kazi izimue kwa maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa, kisha uichuje.

Tahadhari: chokaa huunguza ngozi na inaweza kupofusha. Vaa glavu na miwani, na waweke watoto mbali. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda kituo cha afya bila kuchelewa. Chokaa isiyozimwa, ile ya mabonge, huchemka kwa nguvu inapokutana na maji, na asiyeizoea asiinunue.

Hakikisha lipu imekauka, inyunyizie ukungu wa maji, na paka mikono mitatu hadi mitano myembamba, ukiacha siku moja kati ya mkono na mkono. Kila mkono utaonekana kama maji tu unapopakwa, kisha utakuwa mweupe unapokauka. Kishawishi cha kupaka mkono mmoja mzito kikataliwe, kwani chokaa nzito hukauka juu na kumenyeka kama magamba.

## Baada ya mvua za kwanza

Hifadhi kiroba kimoja cha udongo na mchanga vilivyochanganywa kwa uwiano wako, vikiwa vikavu, na uandike uwiano huo mahali usipoweza kupotea. Mvua tatu au nne zikishanyesha, zunguka nyumba na ukague chini ya madirisha, kwenye kona, na sentimita 50 za mwanzo kutoka ardhini. Palipochubuka pafagiwe, paloweshwe na pazibwe kwa udongo wa kiroba hicho mara ukuta unapopata siku chache za jua. Chokaa ya upande unaopigwa na mvua zaidi irudiwe kila mwaka, kati ya Juni na Septemba.